Jiwe la Gramu Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Kalinunua mume wangu. Kasema: ukipandwa na hasira andika, usifoke, majirani wamechoka. Majirani! Haya, naandika.

Leo jiwe langu limepotea tena. Jiwe la mizani, la shaba, gramu ishirini kamili, dogo kama kizibo. Kila Jumatatu asubuhi naliweka juu ya mizani, nabonyeza kitufe, mizani inajifunza kwamba hizi ndizo gramu ishirini, basi wiki nzima inapima sawasawa. Bila jiwe sina kazi. Na mnada wetu uko mtandaoni, mnunuzi hawezi kuishika sarafu hata akilia. Anaona picha, halafu anasoma nilichoandika mimi: uzito, upana, hali, makadirio ya bei. Mimi ndiye vidole vyake.

Sasa jiwe lilikuwa wapi? Kwa dada wa mapokezi. Kakandamizia risiti zisipeperushwe na feni! Wiki iliyopita lilikuwa kwa mpiga picha, kaegemezea simu. Nikawauliza, nyie mnajua hiki ni kitu gani? Wakatazamana. Si kichuma tu, dada?

Kichuma!

Nimefungua sanduku la huduma ya kwanza, nimetoa plasta, ile nene ya kitambaa. Nimelizungushia jiwe mara mbili, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: LANGU. USIGUSE! Ndipo nikaliweka kwenye mizani, nikabonyeza kitufe, nikaanza kazi. Sasa walete mikono yao.

Jumanne, 4 Machi

Baba mkwe anauza sarafu zake. Zote. Katuita jana jioni, mimi na mume wangu, akatutangazia kama anayesoma hukumu. Anataka agawanye pesa mwenyewe akiwa hai, maana akifa tutararuana. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayekaa naye pale nyumbani, akasema hakuna wa kuraruana. Halafu akanitazama mimi.

Mzee alikuwa fundi saa miaka arobaini. Sarafu mia mbili na kumi na nne, kwenye bati la biskuti, kila moja kaivisha kipande cha kitambaa cha bitana. Nakiri, nilipofungua bati moyo ulinipiga. Hazijasuguliwa, hazijachubuliwa. Watu wangapi wananiletea sarafu wamezipiga mswaki na majivu, zinang'aa kama vifungo vya koti, wamezimaliza! Yeye hajagusa hata moja.

Lakini mdomo wake! Miaka kumi na miwili niko kwenye ndoa hii, hajawahi kuniita jina wala mwanangu. Ni "Mtaalamu". Shikamoo baba. Marahaba, Mtaalamu, bado mnaangalia picha huko ofisini?

Halafu akamtoa Bibi. Ndivyo wanavyoiita hapo kwao. Sarafu kubwa ya fedha, upande mmoja mwanamke mnene mwenye kidevu mara mbili, kanuna. Aliipata mwaka aliozaliwa mume wangu. Mteja alitengenezewa saa ya ukutani, hakuwa na fedha taslimu, akaacha hiyo. Mzee anasema wamekuja matajiri watatu kwa nyakati tofauti, wote amewafukuza. Bibi peke yake, kasema, ni sawa na bati zima.

Akaisimamisha juu ya ncha ya kidole, akaigonga kwa ufunguo. Ikalia. Ikalia muda mrefu. "Sikia," akasema. "Mtaalamu, hiyo mizani yako ina masikio?"

Wakacheka wote. Mume wangu naye kacheka! Nilipomuuliza njiani kasema alikohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi karuhusu nipime mali ya mkwe, ila kasema nipime kwa ukali zaidi, watu wasije wakasema tunapendeleana. Sawa. Ukali ninao wa kutosha.

Siku nzima na bati la mzee. Sarafu ndogondogo ziko vizuri, nyingine zimepungua uzito kidogo, nikasema zimelika kwa kutumika. Halafu nikamweka Bibi.

27.53.

Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. 27.53. Kitabu kinasema lazima iwe 28.06. Sarafu iliyotembea mikononi inaweza kupoteza kijisehemu, mbili tatu za mia ya gramu. Nusu gramu nzima, hapana! Nusu gramu maana yake imeyeyushwa fedha hafifu, ikamwagwa kwenye kalibu.

Nimeitazama kwa lenzi saa nzima. Ukingo sawa. Nywele za yule mama, uzi kwa uzi. Upana sawa. Sijawahi kuona bandia nzuri kama hii maishani mwangu, aliyeitengeneza ni shetani mwenye kipaji. Kila kitu ni sawa isipokuwa uzito.

Basi. Mizani haijui mkwe. Nimeandika: NAKALA. Bei ya kuanzia, kama chuma chakavu.

Niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma? Kwa sekunde moja nilifurahi. Sekunde moja tu. Halafu nikakumbuka ni nani atakayempelekea habari.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea habari.

Nilijiandaa njia nzima. Nikaingia, shikamoo, nikakaa, nikaeleza polepole: baba, huyo mteja alikudanganya, wala si kosa lako, hata mimi bila mizani ningedanganyika. Kasikiliza mpaka mwisho. Halafu kanyoosha mkono, nimrudishie. Kaiweka kidoleni. Hakuigonga. Kasema, "Kidole changu hakijakosea."

Nikasema, baba, kidole si kipimo.

Mungu wangu, kwa nini nilisema vile?

Wifi akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Eti mimi nilikuja kumchuria baba yao. Eti nimeipima Bibi kwa chuki. Eti pengine nimeshapatana na mnunuzi, niitangaze bandia, jamaa aichukue kwa bei ya karanga, tugawane! Mimi! Niliyemkatalia kaka yangu wa kuzaliwa naye alipotaka nimpandishie makadirio ya sarafu zake za shaba! Nikamjibu. Sitaandika nilichomjibu. Mume wangu kasimama katikati akisema jamani, jamani, jamani. Huyu mtu na amani zake!

Mzee ndiye aliyetunyamazisha. Kasema kama ni bandia, iuzwe kama bandia, yeye hakai na bandia nyumbani kwake. Akaivisha kitambaa chake, akanipa. Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mume wangu anasema hajatoka hata kula. Kwani mimi ndiye niliyeitengeneza?

Jumatatu, 10 Machi

Nimeweka mizani sawa. Jiwe lipo mahali pake, hakuna aliyeligusa. Angalau kuna kitu kimoja kwenye ofisi hii kinachoniheshimu.

Bati zima limetangazwa leo. Mafungu yote yanafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Bibi ni fungu la mwisho: "Nakala ya zamani, ufundi mzuri, uzito pungufu." Saa tano asubuhi akatokea mtu anajiita Kidole, kaweka dau mara mbili ya bei ya kuanzia. Saa saba mwingine, anajiita Kamata, kampita. Kidole kapandisha. Kamata kapandisha. Kwenye nakala! Nimeiandika NAKALA kwa herufi kubwa, hawa watu hawasomi?

Kamata namfahamu kwa mwenendo wake, ni mchuuzi wa sarafu, hatoi senti bila sababu. Huyo Kidole ndiye simjui. Akaunti ya siku tatu. Hana dau lolote kwingine, ni Bibi tu.

Jumanne, 11 Machi

Dunia imejaa wezi! Tangu wiki iliyopita nimekataa sarafu arobaini na tatu. Arobaini na tatu! Mwezi mzima uliopita zilikuwa mbili. Mwalimu mmoja mstaafu kaleta sita, zote za fedha, nne zina uzito pungufu. Mama mmoja kaleta ya marehemu babake, pungufu. Nikamwambia bosi kuna kiwanda mahali fulani kinazimwaga sokoni. Bosi kasema endelea, Simba Jike. Ndiyo jina langu hapo ofisini.

Kidole bado anapandisha. Sasa nakala ya Bibi imefika bei ya sarafu halisi ndogo. Hii nimeshaiona: mtu anafungua akaunti bandia, anachochea bei, anamnasa mjinga. Na kitu chenyewe ni cha mkwe wangu, watasema ni mimi! Nimeandika ripoti kwa bosi: mshiriki anayejiita Kidole achunguzwe na asimamishwe. Nimesaini. Roho imetulia kidogo.

Mzee kaanza kula, mume wangu anasema. Ila siku hizi hamwachii wifi simu yake. Kutwa wameinamia simu wawili.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne yule mwalimu mstaafu karudi. Mzee mpole, shati limenyooshwa. Kasema sarafu nne alizipokea kwa mamake, mamake hakuwa tapeli, naomba upime tena mbele yangu. Nikapima. Pungufu. Akasema labda mizani ni mbovu.

Mizani yangu!

Hasira zikanipanda. Nikamwambia hii mizani naiweka sawa kila Jumatatu kwa jiwe la gramu ishirini, tena hakuna anayeligusa ila mimi. Akasema, bila hata kupaza sauti, "Kwa mizani hii, mama, hata hela iliyo mfukoni mwako itakuwa bandia." Ofisi nzima inasikiliza. Nikatia mkono mfukoni nikatoa sarafu, ya kawaida, ya matumizi, mpya, chenji niliyopewa benki asubuhi hiyohiyo. Gramu tisa kamili, kila mthamini anajua. Nikaibamiza juu ya mizani. Haya, tazama!

8.84.

Mwalimu akainama akaisoma namba kwa sauti.

Nikaweka nyingine. 8.84. Nikamwomba dada wa mapokezi ya kwake. 8.84.

Halafu nikaliona jiwe. Limekaa kwenye kisahani chake, na plasta yake mara mbili, na maandishi yangu. LANGU. USIGUSE!

Nikashuka ngazi mbiombio kwa sonara wa chini, nikaazima jiwe lake. Nikaiweka mizani sawa upya. Kisha nikapima jiwe langu na shati lake la plasta.

20.36.

Siku kumi nimeifundisha mizani uongo. Niliiambia hizi ni ishirini, na hazikuwa ishirini, ikawapunja wote waliofuata. Sarafu ndogo zilipungua kidogo nikaziona zimelika tu, kubwa ndizo nilizoziita bandia. Hakuna kiwanda. Hakuna shetani mwenye kipaji. Ni plasta ya mtu mwenye hasira!

Nikapima sarafu za mwalimu. Zote nne halisi. Nikamwomba radhi. Kasema asante, kazichukua, kaondoka. Heri angenitukana.

Nikamweka Bibi. 28.03.

Niliketi chini. Kweli, chini sakafuni.

Bosi kaniita ndani, kafunga mlango. Nikamwambia tusitishe mafungu yote niliyoyaandika NAKALA, tuandike upya. Kasema nimerukwa na akili. Nusu gramu, nani atajua? Tukitangaza kosa moja hakuna atakayeamini maelezo yetu hata ya mwaka jana. Tutarekebisha kimyakimya wiki ijayo, yatakayokuwa hayajauzwa. Nikasema la mkwe wangu linafungwa kesho! Kasema likifungwa limefungwa.

Kitufe cha kusitisha fungu ninacho kwenye simu yangu, wathamini wote tunacho. Lakini ukikibonyeza, jina lako na sababu vinabaki kwenye ukurasa wa mnada, kila mtu anaona, havifutiki. Mthamini aliyenitangulia alibonyeza mara moja tu. Sasa anauza makufuli. Bosi kanikumbusha habari zake, eti kwa upendo. Kasema nisubiri kesho asubuhi, atatafakari.

Nimeondoka na jiwe kwenye mkoba. Plasta sijaibandua. Mume wangu kauliza nina nini, nikamfokea, nikaomba msamaha, nikamfokea tena.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia jikoni kwa baba mkwe, nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo. Nisipoandika nitavunja sahani. Saa tisa na dakika arobaini na saba.

Bosi asubuhi alikuwa kikaoni. Saa sita kikaoni. Saa nane simu imezimwa. Mshenzi! Nikaona bora nije nimwambie mzee mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya saa kumi. Nikabeba jiwe nimwoneshe, maana maneno tu asingeyaamini, na angekuwa na haki.

Wifi kanifungulia mlango bila salamu. Mzee yuko mezani kwake, ile meza ya kazi, miwani puani, simu ya wifi mkononi. Shikamoo baba. Marahaba. Sikuwahi hata kukaa, kainua macho, kasema:

"Mwanangu, afadhali umekuja. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Hebu nitazamie, tangu asubuhi inanikatalia."

Mwanangu. Miaka kumi na miwili, leo!

Nikaichukua simu. Ukurasa wa Bibi. Dau la juu: Kamata. Na chini yake, kwa herufi nyekundu: "Kidole, akaunti yako imesimamishwa kutokana na ripoti ya mthamini."

Wifi kaanza kueleza, kwa mara ya kwanza bila ukali. Kwamba baba alishindwa kuvumilia. Kwamba siku ileile niliyoondoka na Bibi usiku hakulala, asubuhi kamwambia amfungulie akaunti amnunue Bibi, bandia au si bandia, kwa pesa zake za maziko alizojiwekea. Kwamba aliona aibu nijue. Mzee kamkatiza: "Yule ni wangu. Hata kama mizani haimtaki."

Simu haikutaki wewe, baba, kwa saini yangu! Ila sikusema. Nikasema mtandao unasumbua hapa, ngoja nijaribu jikoni. Nimedanganya, nikakimbia. Mimi Simba Jike.

Bosi mzembe wa kupokea simu kumbe ripoti yangu kaishughulikia mara moja! Lililo sahihi anatafakari, la upuuzi analitekeleza. Nimempigia mara tatu. Ya nne kapokea. Nikasema Kidole ni baba mkwe, mfungulie akaunti. Kasema ndiyo mbaya zaidi, mwenye mali anapandisha dau la mali yake, huo ni udanganyifu, shukuru hatujamtangaza jina. Nikasema nasitisha fungu. Kasema bonyeza, halafu Jumatatu usije. Kakata.

Saa tisa na dakika hamsini na tatu. Kamata kapandisha tena, dhidi ya mtu mwingine. Kamata hashindani kwa ajili ya nakala. Kamjua Bibi kwa picha tu, mbwa yule. Mimi nilikuwa naye mkononi.

Nimefungua kitufe. SITISHA. Kimeniletea kisanduku: "Sababu. Itaonekana kwa wote." Nimeandika: Hitilafu ya mizani. Nimefuta. Mizani ilifanya nilichoifundisha. Nimeandika: Nilikosea mimi. Kimekataa! Kinataka maneno yasiyopungua kumi. Hata kukiri kuna masharti!

Mzee kaingia. Jikoni kwake, haombi ruhusa. Mkoba nimeuacha mezani pake uko wazi, na mikono ya fundi haitulii. Kashika jiwe. Kaliweka juu ya ncha ya kidole, kalipandisha, kalishusha. Kakunja uso.

"Ishirini hii?"

Ndiyo, baba.

"Mbona limevaa shati?" Kasogeza miwani, kasoma kwa sauti, polepole: "Langu. Usiguse." Halafu: "Siku ile ulipompima Bibi, lilikuwa limevaa?"

Nimeitikia kwa kichwa. Kaanza kubandua plasta kwa kucha, taratibu, kama mtu aliye na siku nzima mbele yake. Wifi yuko mlangoni, anatutazama mmoja mmoja, hajaelewa bado.

Naandika kwenye kisanduku, nahesabu. Mizani ilikuwa na kosa, kosa ni langu, Bibi ni halisi. Kumi. Jina langu kimelijaza chenyewe, kimebaki kubonyezwa tu. Saa tisa na dakika hamsini na nane.

Mzee kamaliza plasta. Kanishika mkono wenye simu, kaliweka jiwe tupu kiganjani, juu ya kioo cha simu, na sasa kasimama mbele yangu anasubiri.